Eti "wasiliana na muuzaji wako": muuzaji yupi, huku mwisho wa reli?

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimedisko. Sijadisko. Testi zilikuwa mbili mfululizo na bumu lilichelewa, basi hata hela ya bando ikawa ya kuhesabu. Leo sina picha za mahafali wala umbea wa mabweni. Leo nina ugomvi.

Ugomvi umeanzia kwenye kipindi cha mifumo endeshi. Swali lilikuwa la kawaida tu: kifaa kikikosea ndani ya kompyuta, yaani RAM ikigeuza biti, prosesa ikisoma takataka, kadi ya mtandao ikapoteana na bodi, msimbo wa kushughulikia kosa hilo ukae wapi ndani ya kerneli? Jamaa mmoja, kichwa kweli kweli na simtanii, akasimama akasema hilo halimhusu mwandishi wa kerneli hata kidogo, linakihusu kiwanda kilichotengeneza mashine. Fimwea, ile programu iliyochomwa kwenye bodi yenyewe, inajua kila kitu. Kerneli ikae pembeni, na siku ikiambiwa hali ni mbaya izime mashine, basi. Nusu ya darasa wakapiga makofi. Mwingine akadakia kwamba kila draiva ijitegemee: kosa la kadi yangu nalijua mimi, la kwako utajua mwenyewe. Naye akapigiwa makofi.

Mimi nasema wote wawili wamepotea. Kerneli inatakiwa iwe na nyumba moja ya makosa ya vifaa, yenye mlango mmoja na daftari moja, na chini yake asiwepo mtu yeyote, iwe fimwea iwe draiva, mwenye ruhusa ya kuficha hesabu. Wanaodhani huu ni ubishi wa usafi wa msimbo hawajawahi kuona seva ikifia Kigoma. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimeziona.

Kwa wasiosoma mambo haya, ngoja niende taratibu kidogo. RAM ya seva huwa na biti za ziada za ulinzi, kwa kawaida 8 kwa kila 64 za data. Biti moja ikigeuka, 0 ikawa 1, mzunguko unagundua na kurekebisha hapo hapo, na programu yako haina habari. Zikigeuka mbili kwa pamoja, mzunguko unagundua lakini haujui za kurekebisha ni zipi. Hapo ndipo kelele inapoanza. (Laptop zetu hizi za kudesea nyingi hazina hata ulinzi huo. Januari 2021 Linus Torvalds mwenyewe, baba wa Linux, aliishukia Intel hadharani kwa kuufanya ulinzi huo uwe kitu cha mashine za bei mbaya tu. Hiyo ni hadithi nyingine, tutairudia siku ya siku.)

Na msidhani ni mambo ya bahati mbaya ya mara moja kwa karne. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na watu wawili wa Google walichapisha hesabu za seva za Google: zaidi ya 8% ya vijiti vya RAM vilipata kosa la kurekebishika ndani ya mwaka mmoja, na ukihesabu kwa mashine ni kama theluthi yake. Wakakuta pia kwamba kijiti kilichokosea mwezi huu kina nafasi kubwa zaidi ya kukosea tena, na kwamba makosa madogo yanayorekebishika mara nyingi hutangulia lile kubwa lisilorekebishika. Joto, ambalo sisi tungelishtaki la kwanza, walikuta athari yake ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Kumbe dalili zipo, na zinakuja mapema. Suala ni nani anaambiwa.

Twende Kibirizi. Wanaoijua Kigoma wanazijua zile boti za mbao zinazopakia abiria pale kuelekea kaskazini. Boti ya mbao, hata izibwe vipi, inaingiza maji kidogo, na kuna kijana mwenye kopo ambaye kazi yake ni kuyatoa. Hilo halimshtui mtu, watu wanaendelea kula mahindi yao. Lakini kama jana kijana alitoa makopo kumi na leo anatoa mia, nahodha anatakiwa ajue kabla hawajaacha ufuko, maana ziwa letu lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu kupita kote, siyo bwawa la samaki. Sasa fikiria kijana wa kopo aliyeambiwa na tajiri wa boti: toa maji, nyamaza, usimsumbue nahodha. Anatoa. Ananyamaza. Nahodha anaona sakafu kavu, anaongeza mafuta, anakwenda. Huyo kijana ndiye fimwea anayesifiwa na mwenzangu wa darasani.

Haya, Linux yenyewe imefanyaje? Imehangaika, na sioni haya kusema hivyo japo ndiyo ninayoitumia kila siku.

Prosesa za Intel toka Pentium ya 1993 zina ishara maalum ya kusema "nimekosea mimi, siyo programu yako", ishara namba 18. Toka Pentium Pro ya 1995 kosa linaandikwa kwenye rejista zilizopangwa kwa mafungu: aina ya kosa, anwani yake, maelezo ya ziada. Kwa mashine za biti 64, Andi Kleen aliandika mcelog. Mpango wake ulikuwa kerneli isijitie usomi. Itoe tarakimu tupu kwenye /dev/mcelog, na programu ya nje ndiyo izitafsiri. Hoja yake ina kichwa na miguu: majedwali ya tafsiri ni makubwa, kila prosesa mpya ina yake, kwa nini kuyabeba ndani ya kerneli?

Lakini mashine ikifa kabisa, hiyo programu ya nje inatafsiri nini? Imekufa nayo. Unabaki na mistari ya heksadesimali kwenye skrini nyeusi, unaipiga picha kwa simu, unakwenda kuichapa herufi kwa herufi kwenye mashine nyingine ili mcelog iisome. Na chini ya tarakimu hizo, kwa miaka mingi, ulikuwapo ujumbe unaosema kwamba hili siyo tatizo la programu, wasiliana na muuzaji wa vifaa vyako.

Muuzaji! Jamani, muuzaji yupi? Seva nilizoziona Kigoma nyingi ni mtumba. Zimefanya kazi maisha yao yote Ulaya, zikaingia Dar kwa kontena, zikauzwa Kariakoo, zikasafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi mwisho wa reli. Mkataba wa matengenezo uliisha kabla mashine haijavuka bahari. Aliyekuuzia ni kijana mwenye fremu ya futi nane kwa nane, na leo kwenye fremu ile wanauza vitenge. Ujumbe ule uliandikwa na mtu ambaye kwake simu moja inamleta fundi mwenye kijiti kipya mkononi kabla ya saa kumi jioni. Simlaumu kwa kuishi alikoishi. Namlaumu aliyefanya huo kuwa mpango wa dunia nzima.

Mwaka 2006, kwenye Linux 2.6.16, ikaingia EDAC. Hii ilizaliwa kwa jina la bluesmoke, moshi wa bluu, jina analolielewa yeyote aliyewahi kuunguza pawa saplai. EDAC ikaja na mtazamo mwingine: kerneli yenyewe ihesabu makosa ya kila kijiti na iyaweke kwenye faili za kawaida ambazo hata mtoto wa kidato cha pili anaweza kuzisoma. Safi sana. Ila haikuifuta mcelog, ilijenga nyumba yake pembeni. Makosa ya PCI Express yakapata nyumba ya tatu. Mwaka 2010 ikaja APEI, mlango wa kupokea taarifa kutoka fimwea. Ikawa mashine moja ina madaftari matatu au manne, na waandishi wawili wanaweza kusoma rejista zile zile na kila mmoja akaandika kwa lugha yake. Mambo yakafika mahali ambapo ukiwasha mcelog kwenye prosesa mpya za AMD inakujibu kwamba prosesa hii haiijui, nenda EDAC. Na draiva za EDAC nazo zinapishana mlangoni: ghes_edac, ile inayosikiliza fimwea, ikiingia, zile zinazosoma vifaa moja kwa moja zinakaa nje.

Mtasema huo ni utani wa waandishi wa kerneli na haumhusu mwananchi. Sikilizeni basi.

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa nyumbani. Kuna kikundi cha akina mama wauza dagaa, sitakitaja, kina ofisi ndogo na seva moja ya mtumba inayotunza akiba na mikopo yao. Linux, database, mambo mazuri tu. Seva ikaanza kuganda jioni. Sasa mjue kitu kimoja: Kigoma kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, umeme wa jenereta za dizeli, gridi imeingia mkoani hii miaka ya 2020. Kwa hiyo kwetu kompyuta ikizima mshtakiwa yupo tayari hata kabla ya upelelezi: umeme. Wakanunua stabilaiza. Ikaganda. Wakanunua UPS kubwa, hela ya akina mama hao hao, senti ya dagaa juu ya senti ya dagaa. Ikaganda. Mara ya mwisho iliganda katikati ya kuandika marejesho, na meza moja ya database ikaharibika, ikabidi siku nne za vitabu virudiwe kwa mkono kutoka kwenye madaftari ya karatasi. Mama mweka hazina alikuwa ameanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Mnajua hela za kikundi zilivyo.

Nikaitwa. "Mwanangu, wewe si unasomea hivi vitu?" Shikamoo nyingi, nikakaa. Logi ya kerneli: safi. Hesabu za EDAC: sifuri, sifuri, sifuri. Ukisoma hapo unasema RAM ni nzima, tutafute kwingine. Nikafungua daftari lingine, lile la bodi, kwa ipmitool. Lilikuwa limejaa. Kijiti kimoja, kosa la kurekebishika, tena na tena, kuanzia wiki tatu kabla ya siku ya kwanza ya kuganda. Na mwishoni mstari ambao umenifanya niandike makala hii: kikomo cha kuandika makosa ya kurekebishika kimefikiwa. Yaani fimwea ilirekebisha, ikahesabu, ikachoka kuhesabu, ikaandika kwamba imechoka, na muda wote huo kerneli haikuambiwa neno.

Kijiti kikatolewa. Haijaganda tena. Stabilaiza na UPS zipo pale, pambo zuri.

Sasa turudi kwa mwenzangu na hoja yake, maana nataka nimtendee haki. Mpango huo wa fimwea kupokea kosa kwanza, kisha kuamua kama kerneli iambiwe, una sababu zake. Fimwea inajua bodi: inajua kwamba anwani fulani iko kwenye kijiti cha tundu la tatu kutoka kushoto, jambo ambalo kerneli hulijua kwa kubahatisha au kwa draiva iliyoandikwa maalum kwa prosesa ile. Fimwea inajua kasoro za siri za kiwanda. Na wenye seva elfu kumi hawataki logi zao zijae makosa ambayo hayana madhara. Yote hayo nakubali.

Ila hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kuficha. Ajuaye tundu na ataje tundu. Atafsiri, aongeze maelezo, kisha apeleke juu. APEI ina njia kamili ya kufanya hivyo na kerneli inaisikiliza vizuri tu. Tatizo ni ile mizani iliyowekwa kiwandani: makosa mangapi ndipo niseme? Mizani hiyo aliiweka mtu mwenye fundi wa saa kumi jioni. Isitoshe, fimwea ikifanya kazi yake inaingia kwenye hali maalum ya prosesa ambamo kerneli nzima inasimamishwa bila kujua kwamba imesimamishwa. Ni kama kijana wa kopo anayeweza kumpulizia nahodha dawa ya usingizi kila anapotaka kutoa maji. Na msimbo wake haupo wazi, huwezi kuusoma, huwezi kuurekebisha, na kwa mashine ya mtumba hakuna anayekuletea toleo jipya. Kerneli ninaweza kuisoma nikiwa kitandani bwenini. Kati ya hao wawili, nimkabidhi nani daftari?

Na yule wa "kila draiva ijitegemee"? Huyu ni rahisi zaidi, maana kerneli ilishamjibu. Chukua kadi mbili zilizoko chini ya daraja moja la PCI. Moja imekosea, dawa ni kulizima na kuliwasha upya tawi zima. Draiva ya kadi ya kwanza ikijitegemea na kulizima, imeiua kadi ya jirani ambayo ilikuwa katikati ya kuandika diski. Ndiyo maana Linux ina utaratibu ambapo katikati ndiyo panaamua na draiva zinajibu. Katikati inaziuliza zote zilizoguswa: mmeliona kosa, mnaweza kuendelea au mnahitaji kuwashwa upya? Inachukua jibu baya kuliko yote, inalitekeleza mara moja kwa wote, kisha inaziambia rudini kazini. Draiva inajua kadi yake, hilo kweli. Haimjui jirani yake, na haitakiwi kumjua.

Kuna sababu nyingine ya nyumba moja ambayo darasani haikutajwa kabisa. Kosa la kifaa haliombi ruhusa. Ishara namba 18 inaweza kuingia wakati kerneli yenyewe imeshika kufuli la ndani kabisa. Ukijaribu hapo kuandika logi kwa njia ya kawaida, njia hiyo inaweza kutaka kufuli lile lile, na mashine ikajifunga yenyewe milele. Msimbo wa sehemu hiyo ni mgumu kuuandika, na ukiwa umetapakaa kwenye draiva hamsini utaandikwa vibaya mara hamsini. Ndiyo maana tangu 2015 upande wa x86 una bwawa dogo la kumbukumbu lililotengwa mapema: anayepokea ishara anatupia taarifa humo bila kushika kufuli lolote, anaondoka, na baadaye, hali ikiwa shwari, wengine wanaitoa, wanaitafsiri na kuitangaza. Kupokea peke yake, kupima uzito peke yake, kuchukua hatua peke yake, kutangaza peke yake. Mwisho wa 2018 Borislav Petkov alizipanga upya faili hizo kwenye folda moja, arch/x86/kernel/cpu/mce, na ukiifungua leo unaiona mipaka hiyo kwa macho: severity.c inapima uzito, genpool.c ni lile bwawa, amd.c na intel.c zina mambo ya viwanda, na kuna hata winchip.c kwa ajili ya prosesa za miaka ya tisini ambazo sijui kama kuna hata moja bado inapumua. Mwaka 2020 Tony Luck wa Intel akaongeza alama kwenye kila taarifa ya kosa ili ijulikane nani kati ya wasikilizaji ameshaishughulikia. Kazi kama hizi hazina sherehe, lakini kwangu zina thamani kuliko vingi vinavyotangazwa kwa mbwembwe.

Pamoja na sifa hizo, nyumba hiyo hiyo ina kona isiyonifurahisha. Tangu 2017 kuna mkusanyaji, CEC, ndani ya drivers/ras. Anapokea makosa ya kurekebishika, anahesabu kwa kila ukurasa wa kumbukumbu, na ukurasa ukizidi kiwango anauondoa kazini. Hapo hewala. Lakini alichokipokea yeye, EDAC na mcelog wanakiacha kipite, wala hawakitangazi. Wanasema ni kwa ajili ya kutowatisha watumiaji, wasije wakatupa kijiti kizima kwa sababu ya biti moja. Naelewa nia. Ila tumetoka kumsema kijana wa kopo wa kiwandani, tusimwajiri mdogo wake ndani ya kerneli. Atibu kimya kama anataka, hesabu iwe wazi. Bahati nzuri huyu anaondoka kwa neno moja wakati wa kuwasha, ras=cec_disable. Fimwea ya kiwanda haina neno kama hilo.

Bado kuna lile la "ikiwa mbaya izime tu". Hapa nitamleta bibi yetu, MV Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa reli, ikaunganishwa upya Kigoma na kuingizwa majini 1915. Mwaka 1916 vita ikawaelemea, amri ikatoka ya kuizamisha. Mafundi waliotumwa kuizamisha hawakutoboa na kukimbia. Walizipaka injini grisi nene kwanza, ndipo wakaishusha chini karibu na mdomo wa Malagarasi. Waingereza walipoiibua 1924 walikuta injini zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba babu zetu na bibi zetu kwa miongo na miongo.

Kuzima tu na kuzima kwa utaratibu ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo inahitaji msimbo ulioandaliwa mapema, mahali panapojulikana. Kerneli inayo grisi yake. Tangu 2011 kuna pstore: mashine ikiwa inakufa, maneno ya mwisho yanaandikwa kwenye hifadhi ya bodi, na ikiwaka tena unayasoma. Tena mara nyingi haihitaji hata kuzama. Tangu 2009 kosa lisilorekebishika likiangukia ukurasa ambao ni nakala tu ya kitu kilichoko diski, kerneli inautupa ukurasa ule na kusoma upya, hakuna anayekufa. Likiangukia kumbukumbu ya programu moja, inauawa programu hiyo na mashine inaendelea. Yote hayo yanawezekana kwa sababu mpima uzito yuko sehemu moja na anajua kumbukumbu ile ni ya nani. Fimwea haijui ukurasa ni wa nani. Draiva haijui. Kerneli peke yake ndiyo inajua.

Nikiulizwa nani alilifanya vizuri zaidi, nitasema Sun, kwenye Solaris 10 ya mwaka 2005, hata kama kwa Linux nimeolewa. Wale walitenganisha kosa na hitilafu, kama daktari anavyotenganisha dalili na ugonjwa. Homa ni dalili. Malaria ni ugonjwa. Vifaa vyote vinapeleka dalili kwa mhudumu mmoja, mhudumu anazikusanya na kutoa jina la ugonjwa: kijiti hiki ni kibovu, madhara yake ni haya, fanya hivi. Amri moja, jibu moja. Linux ina rasdaemon ya Mauro Carvalho Chehab, Mbrazili, inayokusanya dalili zote kwenye database moja tangu 2013, na ni hatua kubwa. Lakini bado ni daktari anayekusomea kipimajoto na kukuachia mwenyewe useme ni malaria au typhoid.

Na lugha je? Desemba 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili, tukafurahi. Ujumbe wa kerneli hautafsiriwi, kwa uamuzi wa wenyewe, na sibishani nao, maana ujumbe ukiwa mmoja dunia nzima unautafuta ukaupata. Ila ujumbe uliopangwa, wenye sehemu zake zinazojulikana, unaweza kutafsiriwa nje ya kerneli kwa kirahisi: tundu la tatu, kijiti kibovu, badilisha. Mama mweka hazina angeusoma mwenyewe. Ujumbe unaotoka kwenye madaftari manne kwa lugha nne hakuna wa kumtafsiria.

Najua jamaa yangu atasoma hapa, na najua atakuja na hoja ya seva elfu kumi. Aje. Ila kabla hajaja, na ninyi wenye seva maofisini kwenu, fanyeni hivi leo leo, ni dakika tano. Tafuteni maneno "Hardware Error" kwenye dmesg. Someni faili za ce_count zilizoko /sys/devices/system/edac/mc. Wekeni rasdaemon, kisha mpige ras-mc-ctl --errors. Halafu fungueni na lile daftari la bodi kwa ipmitool sel list, mlinganishe hesabu za pande mbili. Zikilingana, mna bahati, mnunulieni soda aliyewauzia. Zisipolingana niandikieni mashine ni ya aina gani na toleo la fimwea, nataka nikusanye orodha kabla ya UE.